Kugeuza Gari Barabarani: Sharti la Kisheria na Mabadiliko ya Barabara Kuu ya Kasulu na Kibondo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza ni wakati gani dereva anaruhusiwa kugeuza gari barabarani na kurudi alikotoka. Mfano unaotumika ni barabara kuu inayopita Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Hoja ya msingi ni kwamba kanuni ya kugeuza gari haimpi dereva orodha ya mahali pa kugeuzia, bali inampa sharti: ageuze pale tu ambapo hatahatarisha wala kuzuia watumiaji wengine wa barabara. Katika barabara ya vumbi sharti hilo lilitimizwa karibu kila mahali bila dereva kulifikiria. Katika barabara ya lami halitimizwi katika sehemu nyingi zilezile. Kwa hiyo mazoea ya zamani yamegeuka kuwa hatari, hata kama sheria yenyewe haijabadilika.

1.0 Utangulizi

Kwa miongo mingi, safari ya kutoka Kigoma mjini kwenda Nyakanazi kupitia Kasulu na Kibondo ilikuwa safari ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Dereva aliyesahau mzigo, aliyepitiliza abiria au aliyekuta daraja limesombwa aligeuza gari palepale alipo. Gari lililokuwa likija lilitangazwa na wingu la vumbi kabla halijaonekana, na mashimo yalilizuia lisije kwa kasi. Kugeuza gari halikuwa jambo la kujadiliwa.

Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga kwa kiwango cha lami barabara ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu yenye urefu wa kilomita 260.6. Kazi iligawanywa katika sehemu nne: Manyovu–Kasulu kilomita 68.25, Kanyani–Mvugwe kilomita 70.5, Mvugwe–Njia panda ya Nduta kilomita 59.35 na Njia panda ya Nduta–Kabingo kilomita 62.5. Kadiri lami ilivyosogea, kasi ya magari iliongezeka, na tendo lililokuwa dogo likawa miongoni mwa matendo ya hatari zaidi ambayo dereva anaweza kuyafanya. Makala haya yanafafanua kwanza maana ya tendo hilo na msingi wake wa kisheria, kisha yanaonesha kwa hesabu rahisi kwa nini barabara mpya inadai tabia mpya.

2.0 Maana ya kugeuza gari

Katika makala haya, kugeuza gari ni tendo la kukipeleka chombo cha moto upande wa pili wa barabara ileile na kukielekeza kilikotoka. Njia yake hufanana na herufi U, na madereva wengi huliita tendo hilo kwa jina la herufi hiyo. Tendo hili hutofautiana na kukata kona, ambako dereva huiacha barabara moja na kuingia nyingine. Hutofautiana pia na kupita gari lililo mbele, ambako dereva huazima njia ya anayekuja kwa muda mfupi huku akiendelea na mwelekeo wake.

Tofauti hizo zina uzito. Anayekata kona ya kulia, katika nchi inayoendesha kushoto kama Tanzania, huvuka njia ya wanaokuja mara moja na kutoweka. Anayepita gari jingine huenda upande mmoja na wale wanaomfuata. Anayegeuza huvuka njia ya wanaomfuata na njia ya wanaokuja, hulilaza gari kimshazari katikati ya barabara, na hubaki hapo akiwa na mwendo mdogo kuliko wote. Kwa muda huo ubavu wa gari huwa umeelekezwa kwa kila anayekuja, na ubavu ndio sehemu ya gari yenye kinga ndogo zaidi kwa abiria.

3.0 Msingi wa kisheria

Nchini Tanzania, mwenendo wa madereva husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168 ya sheria za nchi. Sheria hiyo inamtaka dereva aendeshe upande wa kushoto na atii alama za barabarani na maelekezo ya askari wa usalama barabarani. Pia inafanya kuwa kosa kuendesha gari bila uangalifu au bila kuwajali wengine wanaotumia barabara. Kosa huwa kubwa zaidi pale uendeshaji wa hatari unaposababisha kifo au majeraha.

Katika ngazi ya kimataifa, Mkataba wa Vienna wa Usafiri Barabarani wa tarehe 8 Novemba 1968 umelieleza jambo hili kwa uwazi. Ibara yake ya 14 inamtaka dereva anayekusudia kugeuza gari au kurudi kinyumenyume ahakikishe kwanza kwamba anaweza kufanya hivyo bila kuwahatarisha wala kuwazuia watumiaji wengine wa barabara. Ibara hiyohiyo inamtaka dereva atoe ishara iliyo wazi na ya mapema kabla ya kuhama upande. Katika barabara za mwendo kasi zilizotengwa kwa magari pekee, Mkataba huo unakataza kabisa kugeuza gari.

Maneno mawili katika kanuni hiyo yanastahili kutazamwa kwa makini. Neno la kwanza ni “kwanza”: wajibu wa kuhakikisha huja kabla ya usukani kuzungushwa. Dereva anayeanza kugeuza ndipo atazame amekwisha kuivunja kanuni, hata kama hakuna gari lililotokea. Neno la pili ni “kuzuia”. Kanuni haisemi tu kwamba pasitokee ajali. Iwapo dereva wa basi lililokuwa likija amelazimika kushika breki ili kumpisha anayegeuza, kanuni imevunjwa, ingawa hakuna aliyeumia.

Kutokana na hayo hufuata jambo ambalo madereva wengi hulikosea. Kuwasha taa ya kuashiria kona si kupata ruhusa. Taa hutoa habari tu kwamba dereva anakusudia kugeuka, na haimwondolei yeyote haki yake ya kupita. Anayegeuza ndiye anayepaswa kuwasubiri wote: wanaomfuata, wanaokuja, wanaotoka barabara za pembeni na watembea kwa miguu. Kauli kwamba “niliwasha taa” haitoshi kuwa utetezi wa aliyegeuza mbele ya gari lililokuwa karibu.

4.0 Upana wa barabara na uwezo wa gari kukunja

Swali la kwanza la kiufundi ni kama gari linaweza kugeuka kwa mkunjo mmoja. Barabara kuu ya njia mbili huwa na sehemu ya kupitia magari yenye upana wa takribani mita 6.5 hadi 7. Gari dogo la kawaida huhitaji takribani mita 10 hadi 11 ili kukamilisha nusu duara, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Basi dogo la abiria huhitaji takribani mita 13, na basi kubwa la mita 12 huhitaji zaidi ya mita 20.

Ulinganisho huo unaonesha kwamba, katika barabara ya Kasulu na Kibondo, hakuna gari la kawaida la magurudumu manne linaloweza kugeuka kwa mkunjo mmoja juu ya lami pekee. Ama dereva atumie mabega ya barabara pande zote mbili, ama ageuze kwa hatua tatu: aende mbele hadi ukingoni, arudi nyuma, kisha aende mbele tena. Njia hiyo ya pili huongeza maradufu muda wa kukaa katikati ya barabara.

Hapa ndipo barabara mpya inapotofautiana na ya zamani hata kwa umbo. Barabara ya udongo iliyochongwa na greda mara nyingi ililingana na ardhi ya pembeni, na gari liliweza kutoka na kurudi bila shida. Barabara ya lami huinuliwa juu ya tuta ili maji yasiiharibu, na penye miteremko huwekewa mitaro iliyojengwa kwa mawe au zege. Gurudumu likiingia mtaroni wakati wa kugeuza, gari hunasa likiwa limeziba njia zote mbili. Dereva aliyezoea kuegemea pembeni hukuta pembeni hapapo tena.

5.0 Muda na umbali

Swali la pili ni la muda. Ikichukuliwa kwamba gari dogo hutumia sekunde 8 kugeuza kwa mkunjo mmoja kwa msaada wa mabega ya barabara, na sekunde 15 kugeuza kwa hatua tatu, umbali unaohitajika kuwa wazi hupatikana kwa kuzidisha muda huo na mwendo wa gari linalokuja.

Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, mwendo wa kawaida katika barabara mbovu ya vumbi, husafiri zaidi kidogo ya mita 8 kwa sekunde. Katika sekunde 8 huwa limekwenda mita 67, na katika sekunde 15 mita 125. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa sheria katika maeneo ya makazi, husafiri mita 111 katika sekunde 8 na mita 208 katika sekunde 15. Basi au lori la kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa magari ya abiria na ya mizigo yenye uzito unaozidi kilo 3,500, husafiri mita 178 na mita 333 kwa mfuatano huo.

Kwa maneno mengine, dereva anayegeuza kwa hatua tatu nje ya mji anapaswa kuiona barabara ikiwa tupu kwa zaidi ya theluthi moja ya kilomita mbele yake, na kwa umbali kama huo nyuma yake. Sharti la nyuma husahaulika mara nyingi kuliko la mbele. Katika nchi ya vilima kama Uha, ambako barabara hupanda na kushuka na kuzunguka mabonde, mahali penye uwazi wa namna hiyo pande zote mbili kwa pamoja ni pachache.

Huenda ikasemwa kwamba anayekuja ana breki. Hoja hiyo inakwenda kinyume na kanuni, kwa kuwa kumlazimisha mwingine kushika breki tayari ni kumzuia. Lakini hata ikikubaliwa, hesabu haiipi nguvu. Kwa kilomita 30 kwa saa, dereva anayetumia sekunde 2 kutambua hatari huweza kusimama ndani ya takribani mita 23 kwenye barabara kavu yenye mshiko mzuri. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari dogo katika hali kama hiyo huhitaji mita 80 hadi 90, na lori lililosheheni huhitaji zaidi. Sababu ni kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki zenyewe huongezeka mara nne. Mvua ya masika, ukungu wa asubuhi na moshi wa mapori yanayochomwa kiangazi huongeza mahitaji hayo na kupunguza uwezo wa kuona kwa wakati mmoja.

6.0 Mahali pasipofaa

Kutokana na sharti la kuona na kuonekana, yapo mahali ambapo kugeuza gari hakukubaliki hata kama barabara inaonekana tupu. Karibu na kilele cha mlima na kwenye kona, utupu huo ni wa macho tu, kwa sababu gari linalokuja limefichwa na ardhi. Kwenye daraja hakuna bega la kukimbilia, na gari likikwama hakuna njia ya kulizunguka. Kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, anayevuka hutazama magari ya pande mbili, wala hategemei gari linalojizungusha. Palipochorwa mstari mweupe usiokatika katikati ya barabara, mchoraji amekwisha kupima na kuona kwamba kuvuka upande wa pili ni hatari.

Zipo pia sehemu zinazokatazwa kwa alama mahususi. Alama ya kukataza kugeuza ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ndani yake mshale mweusi uliojikunja kurudi ulikotoka na mstari mwekundu wa mshazari ukiukata. Hata hivyo, kutokuwepo kwa alama hakumaanishi kwamba imeruhusiwa. Alama huwekwa pale ambapo mamlaka imeona haja ya kuondoa shaka. Sharti la kutohatarisha wala kuzuia hubaki likimfuata dereva kila mahali. Katika miji mikubwa, ambako njia za kwenda na kurudi zimetenganishwa, kama katika Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, dereva hulazimika kwenda hadi mahali palipoandaliwa. Katika barabara ya njia mbili hakuna kizuizi cha zege cha kumkumbusha, na uamuzi wote umo katika kichwa chake.

7.0 Pikipiki na baiskeli

Pikipiki ndicho chombo cha moto kinachoweza kugeuka kwa mkunjo mmoja ndani ya upana wa lami, na urahisi huo ndio hatari yake. Dereva wa bodaboda huitwa na abiria aliye nyuma yake au ng’ambo ya barabara, na riziki yake hutegemea kumfikia kabla ya mwenzake. Mkunjo wa sekunde 4 unaonekana kuwa si kitu. Hata hivyo, katika sekunde hizo 4 basi la kilomita 80 kwa saa husafiri karibu mita 90. Aliye juu ya pikipiki hana bodi ya gari ya kumkinga, na mara nyingi vioo vya pembeni vya pikipiki yake vimeondolewa au vimegeuzwa. Kwake yeye, kutazama nyuma kwa kugeuza shingo, na si kwa kioo pekee, ni sehemu ya kanuni.

Baiskeli nazo zina nafasi ya pekee katika wilaya hizi. Hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa na madumu ya mawese, tena mara nyingi mwenye baiskeli huisukuma kwa miguu kandokando ya lami. Gari linapotumia bega la barabara kugeuza, njia linayoichukua ndiyo njia ya watu hawa. Kwa hiyo neno “watumiaji wengine” halihusu magari tu.

8.0 Majirani wanaoendesha upande wa kulia

Kasulu na Kibondo zina jambo jingine ambalo haliko katika wilaya za katikati ya nchi. Burundi huendesha upande wa kulia. Magari huvuka Manyovu, iliyokuwa ndani ya wilaya ya Kasulu kabla ya Buhigwe kuwa wilaya mwaka 2012, na Mabamba upande wa Kibondo. Baadhi yana usukani kushoto.

Dereva wa gari lenye usukani kulia, anaposimama kwenye bega la kushoto ili ageuze, hukaa upande wa barabara na huweza kutazama nyuma kupitia dirisha lake. Dereva mwenye usukani kushoto hukaa upande wa mtaro. Macho yake hulazimika kuvuka abiria aliye kando yake, na sehemu kubwa ya barabara iliyo nyuma huionea kwenye kioo cha kulia pekee. Tena, katika nchi yake amezoea kugeuza kwa kukunja kushoto na kumalizia upande wa kulia. Hatari kubwa huja mwishoni mwa tendo: baada ya usumbufu wa kugeuza, mkono hurudi kwenye mazoea, na gari hujikuta kwenye njia ya wanaokuja. Dereva Mtanzania anayeingia Gisuru au Mugina hukabiliwa na jambo hilohilo kinyume chake. Kwa wote wawili, ushauri ni mmoja: wageuzie nje ya barabara, na wawe na mtu wa kuwaangalizia.

9.0 Namna ya kurudi, na wajibu wa wenye barabara

Kwa sehemu kubwa, jibu la kanuni kwa anayetaka kurudi ni kwamba asonge mbele. Palipo na kipilefti, dereva hukizunguka chote na kurudi bila kukatiza njia ya yeyote. Penye barabara ya pembeni upande wa kushoto, huingia humo, hutafuta uwanja wa kugeuzia, kisha hurejea barabara kuu akiwa ameelekeza uso wa gari mbele. Asitoke kinyumenyume kwenda barabara kuu. Kituo cha mafuta, uwanja wa soko usio na watu au stendi hufaa zaidi kuliko bega la barabara. Basi au lori lililolazimika kugeuza kwa dharura linahitaji kondakta au utingo ashuke, asimame mahali anapoonekana na dereva wake na magari mengine, huku taa za tahadhari zikiwaka.

Hata hivyo, haki inataka isemwe kwamba dereva hawezi kutumia mahali pasipokuwapo. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, miji na vijiji husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Mahali zinapokutana barabara za mamlaka hizo mbili, kama penye njia za kwenda vijijini kati ya Makere na Mvugwe, ndipo hasa dereva anapoweza kugeuzia kwa usalama, iwapo mdomo wa barabara ya pembeni umepanuliwa na kalavati yake inatosha. Hifadhi ya barabara kuu, ambayo ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, hutoa nafasi hiyo pale isipojaa vibanda na magari yaliyoegeshwa. Mfanyabiashara anayepanga bidhaa hadi ukingo wa lami humwondolea dereva mahali pa kutokea, na hujiweka mwenyewe katika njia ya gari linalogeuza.

10.0 Hitimisho

Baada ya ajali husemwa mara nyingi kwamba ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji wafiwa, lakini si kweli kwa kila ajali. Kugeuza gari ni tendo la hiari: dereva huchagua mahali, huchagua wakati, na huweza kuliacha asifanye. Kanuni yake ni fupi. Aone mbele na nyuma kwa umbali unaotosha, aonekane, awasubiri wote, na asimlazimishe yeyote kushika breki. Penye shaka, aende mbele hadi mahali panapofaa.

Katika barabara ya vumbi, mashimo yalikuwa yakiitekeleza kanuni hiyo kwa niaba ya madereva. Lami imeyaondoa mashimo na kuwaachia madereva wajibu wote. Kilomita mbili za ziada za kutafuta njia panda ni dakika chache za safari, na kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde 15 za kugeuza mahali pasipofaa zinatosha kulifikisha basi lililokuwa mita 300 mbali.